Imeili niliyoiandika kwa herufi kubwa

Mwaka 2011 nilituma baruapepe moja ambayo hadi leo nikiikumbuka moyo hunisinyaa. Kichwa chake nilikiandika kwa herufi kubwa zote: KIKUMBUSHO CHA MWISHO. Ndani mlikuwa na sentensi mbili za kumtaka mteja wetu wa Lubumbashi alete hati halisi ya shehena na uthibitisho wa malipo, la sivyo gharama za storeji zitakuwa juu yake. Sikumsalimu. Hata jina lake sikuliandika. Nilituma saa nne asubuhi, nikainuka kwenda kuchukua chai.

Jibu lilikuja siku ya tatu, fupi: "Yambo mama. Tulikuwa kwenye kilio, mama yangu mzazi amefariki. Kule kijijini hakuna mtandao. Hati natuma kesho. Unisamehe."

Mtu ametoka kumzika mama yake, na yeye ndiye anayeniomba msamaha.

Nilimjibu pale pale. Nilimpa pole kwa maneno yangu yote, nikamwombea marehemu, nikamwambia asihangaike na hati mpaka atulie. Nikatuma. Baadaye kidogo nikaingia kwenye zilizotumwa kuisoma tena, ndipo nikaona. Juu kabisa ya rambirambi yangu, kwa herufi zile zile: RE: KIKUMBUSHO CHA MWISHO. Na chini yake, kwa kuwa imeili hubeba mazungumzo yote ya nyuma, zile sentensi zangu mbili zilikuwa zimekaa vilevile, zikimdai. Pole yangu ilimfikia katikati ya madai.

Wakati huo nilikuwa na miaka minne kwenye kazi. Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam. Tunatoa mizigo bandarini kwa niaba ya wateja wa hapa na wa nchi jirani: Kongo, Burundi, Rwanda, Zambia. Mimi niliajiriwa mwaka 2007 kuwa karani wa nyaraka. Kazi yenyewe ni mbio. Meli ikishapakua, kontena lina siku zake chache za bure. Zikipita, bandari inaanza kuhesabu storeji, na mwenye kontena naye anahesabu demareji, yaani tozo ya kumcheleweshea kontena lake, kwa dola, kila siku, Jumapili ikiwemo. Karani anayengoja hati kutoka kwa mteja anakuwa kama mtu anayetazama maji yakivuja ndani ya nyumba. Nayaeleza haya ili ieleweke ukali wangu ulitoka wapi, ingawa sidhani kama unasameheka.

Nilipoanza, imeili zilikuwa chache. Mtandao ulikuja kwa setilaiti, kiambatisho kimoja kilichukua muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, na mambo mengi bado yalikwenda kwa faksi na simu. Kisha mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulifika Julai 2009 na mambo yakageuka. Ndani ya mwaka mmoja nikawa napokea baruapepe themanini, tisini kwa siku. Hapo ndipo nilipopoteza salamu. Niliziona zinanichelewesha. Nikawa naandika "Tuma ankara." "Bado nangoja." "Mbona kimya?" Nilijisikia mchapakazi.

Ofisini alikuwepo mama mmoja mhazili, karibu kustaafu, aliyesomea uhazili Tabora enzi za hatimkato na mashine za taipu. Kila asubuhi nilimwamkia, naye kabla ya kuitikia marahaba huinua macho kwanza akuone. Siku ile ya RE niliyoisimulia, nilimpelekea kompyuta yenyewe aione. Alisoma taratibu, akavua miwani. Akaniuliza, "Mwanangu, nyumbani kwa watu huwa unaingiaje?"

Nikasema napiga hodi.

"Na ukipiga hodi ukasikia kimya?"

Napiga tena. Nikisikia kimya mara ya tatu naondoka, au naulizia kwa jirani kama wenyewe wazima.

"Basi wewe huyu ulimpigia teke mlango," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Hilo la kuulizia kwa jirani ndilo lililonikaa. Mteja aliyekuwa akijibu kila siku akinyamaza ghafla siku kumi, jambo la kwanza la kumwandikia ni kumuuliza kama yuko salama. Siku hizi kikumbusho changu huanza hivyo: "Sijakusikia tangu Jumanne, natumaini kwenu ni kwema." Halafu namweleza kinachokwama, kiasi cha gharama kinachoongezeka kwa siku, na nini anaweza kufanya ikiwa hawezi kutuma hati leo. Kama sipati jibu, napiga simu. Na pole siiandiki tena juu ya mazungumzo ya kazi. Nafungua ujumbe mpya, mweupe, wenye kichwa chake. Herufi kubwa niliziacha kabisa. Baadaye nilikuja kujua kwamba ule mwongozo wa adabu za mtandao wa Oktoba 1995, unaojulikana kama RFC 1855, tayari ulikuwa umeonya kwamba herufi kubwa zinasomeka kama mtu anapiga kelele.

Salamu zenyewe zilinichukua muda kuziweka sawa, kwa sababu salamu yetu ya mdomo haikutengenezwa kwa maandishi. Sisi salamu ni kupokezana. Hujambo, sijambo, habari za nyumbani, nzuri, watoto, hawajambo. Ukiyaandika yote hayo kwenye imeili unamwachia mwenzako deni la majibu sita kabla hajafika kwenye ankara. Na shikamoo ndiyo ngumu zaidi: inadai marahaba, na inataka ujue nani mkubwa. Kijana mmoja wa Mwanza niliwahi kumwandikia shikamoo kwa sababu jina la kampuni yake lilinitia hofu. Akanipigia simu kwa sauti ya chini kabisa, akasema, "Dada, mimi mdogo wako sana, naona aibu kuitikia." Siku hizi shikamoo naiandika kwa wazee ninaowafahamu tu. Kwa wengine natumia salamu isiyodai itikio, "Natumaini u mzima", kisha jina la mtu, kisha shida yangu. Mstari mmoja unatosha.

Na jina la mtu ni kitu. Mteja wa Lubumbashi ananiita mama hata kabla hajanijua, na nikimwita "Ndugu Mteja" anahisi nimemsukuma mbali. Ninamwandikia "Papa", kama wanavyoitana wao. Bibi mmoja wa Muscat, mzaliwa wa Unguja, aliniomba nisimwandikie "Madam". Aliniambia, "Mie niite Bi na jina langu, kama tulivyoitwa kwetu." Nilibadilisha siku ileile.

Bibi huyo huyo ndiye aliyenifunza kuhusu saa. Nilimwandikia kwamba tutampigia "saa nane mchana" ili athibitishe orodha ya vyombo vyake vya nyumbani. Tulimpigia saa nane kamili. Kwake ilikuwa saa tisa, kwa kuwa Muscat iko mbele yetu kwa saa moja. Alikuwa amekaa na simu mkononi tangu saa nane ya kwake, na ilibidi amwombe jirani amchukulie mjukuu wake shuleni. Hakulalamika. Alisema tu, "Nilidhani mmenisahau." Lubumbashi na Bujumbura nako ni kinyume, wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwa hiyo saa nane yangu ni saa saba ya huyu na saa tisa ya yule, na wote watatu tunaongea Kiswahili na kila mmoja anaamini anaijua saa nane.

Kwa wasiojua Kiswahili hatari ni kubwa zaidi. Mwenzangu alimwandikia mkaguzi wa bima, mgeni, kwamba kontena litafunguliwa "3:00". Alimaanisha saa tatu asubuhi. Mkaguzi alifika saa tisa alasiri, akakuta limeshafunguliwa na bidhaa zilizolowa zimeshahamishwa, na hapakuwa na mtu wa kushuhudia zilivyokaa. Tangu hapo kwetu hakuna anayeandika saa bila kuongeza asubuhi au alasiri, tarakimu za saa ishirini na nne, na mji: "saa 3 asubuhi, yaani 09:00, saa za Dar es Salaam". Tarehe nazo tunaandika mwezi kwa jina. 4/5 kwa Mmarekani ni Aprili.

Hata siku za kazi zinahitaji kukumbukwa. Oman walihamisha mapumziko yao mwaka 2013, kutoka Alhamisi na Ijumaa kwenda Ijumaa na Jumamosi. Falme za Kiarabu nao tangu Januari 2022 ofisi za serikali zinapumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Mimi kwa miaka nilikuwa namwandikia Bi wa Muscat Ijumaa mchana, halafu Jumamosi nanung'unika hajibu.

Kuna maneno ya barua rasmi niliyoyaacha kwa uchungu kidogo, maana nayapenda. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Kwenye barua ya karatasi yana mantiki, kwa sababu YAH: imekaa pale pale juu ya macho yako, imepigiwa mstari. Kwenye simu ya mteja aliye mpakani Kasumbalesa, kichwa cha habari kimeshapotea juu ya kioo, na sentensi yangu ya kwanza, ile anayoiona kabla hajafungua ujumbe, imekwisha bila kumwambia kitu. Vivyo hivyo "Naomba kuwasilisha". Umewasilisha, sawa, unataka nifanye nini? Siku hizi namalizia na ombi lenyewe na siku yake: "Naomba unitumie ankara iliyosainiwa kabla ya Alhamisi saa 6 mchana." Sijaona aliyekasirika kwa kuelezwa wazi.

Viambatisho niliviona ni jambo la ufundi mpaka mteja wa Bujumbura aliponiambia bando lake limekwisha kwa picha zangu. Nilimtumia picha kumi na mbili za kontena lililobonyea, kila moja na uzito wake kamili, ujumbe mmoja ukikaribia megabaiti ishirini. Kwake hizo ni hela. Kijana wetu wa kompyuta alinionyesha namna ya kupunguza picha. Zile zile kumi na mbili zikawa chini ya megabaiti mbili na mbonyeo ukaonekana vizuri tu. Na jina la faili: nilikuwa natuma "scan0047", naye anapokea "scan0112" kutoka kwa wakala wa meli, na "scan003" kutoka kwa mwenye malori. Siku akitafuta ankara yake atafungua zote. Dakika ninayotumia kuandika "Ankara ya magari mawili, Machi" inamwokolea yeye nusu saa.

Sasa nifike kwenye nakala, ambako nilimuumiza mtu aliyekuwa mita nne kutoka kiti changu.

Ilikuwa 2014, mfumo wa forodha wa TANCIS bado mgeni kwetu sote. Karani mdogo, kijana aliyekuwa na miezi mitatu kazini, aliingiza uzito wa mzigo kilo 24,500 badala ya 2,450. Sifuri moja. Mteja akaona, akauliza kwa imeili, akimpa nakala mkurugenzi wetu. Nami nikabonyeza jibu wote. Niliandika kwamba kosa ni la kijana fulani, jina lake nikalitaja, na kwamba "nilishamwelekeza mara mbili". Watu saba waliipata.

Nilikuwa namwona alipoifungua. Alikuwa amenipa mgongo. Mkono wake wa kulia, uliokuwa juu ya kibodi, ulisimama, ukashuka taratibu mpaka magotini. Alikaa hivyo muda mrefu. Hakugeuka kunitazama, na jambo hilo ndilo lililonichoma.

Yule mama mhazili alikuwa ameshastaafu lakini alipita ofisini kufuatilia karatasi zake za mafao. Nilimweleza kwenye korido. Aliniambia enzi zao nakala ilikuwa nakala kweli. Ukitaka sita unapachika kaboni tano katikati ya karatasi, unagonga herufi kwa nguvu, na hata hivyo ya sita inatoka ukungu mtupu. Ukikosea herufi unafuta mara sita. Kwa hiyo kabla hujaandika "Nakala:" chini ya barua ulijiuliza nani hasa anaihitaji na aifanyie nini. "Huyo mkurugenzi," akaniuliza, "ulitaka afanye nini?"

Nilinyamaza. Jibu nililijua: nilitaka aone kwamba kosa si langu.

Nilirudi nikaandika kuomba radhi. Mwanzoni nilitaka nimtumie kijana peke yake, au nimwite pembeni nimwambie. Nikaona haitoshi, kwa maana aibu niliimwaga mbele ya watu saba, na kuiokota kwa siri kungewaacha wale sita na picha ileile. Nikabonyeza jibu wote tena. Niliandika: "Uzito umerekebishwa leo saa 8 mchana na tamko jipya limewasilishwa. Mimi ndiye ninayepitia kazi ya karani kabla haijatumwa, na sifuri ile ilinipita. Namwomba radhi mbele yenu kwa namna nilivyoandika asubuhi." Nikamtaja kwa jina lake. Saa kumi na moja, wakati wa kufunga, alisimama kando ya meza yangu, akasema, "Dada, nimeiona. Ahsante," akaondoka na begi lake.

Siku hizi nikiandika kwa hasira siweki anwani ya mtu. Naiacha ile nafasi ya mpokeaji tupu mpaka nimemaliza, nimesimama, nimerudi. Gmail inaruhusu kurudisha ujumbe ndani ya sekunde thelathini, lakini hasira yangu huchukua zaidi ya hapo kupoa.

Kosa la nakala lina sura nyingine pia, ya anwani. Niliwahi kuwatumia wateja wetu zaidi ya sitini tangazo la saa za kazi za Ramadhani, anwani zote zikiwa wazi kwenye sehemu ya wapokeaji. Siku mbili baadaye baadhi yao walianza kupata bei za kushindana nasi kutoka kwa mtu aliyekuwa kwenye orodha ileile. Wateja wawili waliniuliza nani alinipa ruhusa ya kuwatangaza. Sikuwa na la kusema. Sasa hivi Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ofisi zimekuwa makini kwa kuogopa adhabu. Ila mimi nafikiri hata bila sheria, huwezi kuchukua namba ya mlango wa mtu ukaibandika sokoni. Tangazo la wengi linakwenda kwa nakala iliyofichwa.

Kitu ninachowasisitizia makarani wapya kuliko vyote ni neno moja: nimepokea. Wengi wanadhani wasijibu mpaka wawe na jibu kamili. Mteja ametuma hati zake za mamilioni kutoka Kolwezi, anakaa siku mbili hajui kama zimefika au zimeangukia kwenye barua taka. Kwa Waswahili salamu isiyoitikiwa ni jambo zito, mtu anaweza kulala anawaza amekukosea nini. "Nimepokea. Nitakujibu kesho kabla ya saa 6 mchana." Inachukua sekunde kumi. Halafu kesho kabla ya saa sita unajibu, hata kama jibu ni kwamba bado. Yule kijana wa sifuri ndiye anayeongoza kitengo chetu cha nyaraka sasa, na hili analisimamia kuliko mimi.

Mwaka 2019 baba yangu alifariki. Niliondoka usiku kwenda Korogwe na sikugusa kazi mpaka matanga yalipoanuliwa. Kijana ndiye aliyeniwekea jibu la kujiendesha kwenye imeili yangu. Aliandika kwamba niko msibani, akaweka namba yake na jina lake kwa yeyote mwenye mzigo wa haraka. Niliporudi nilikuta ujumbe zaidi ya mia mbili. Nilianza kuushusha mmoja mmoja. Katikati ya RE na FW za kila aina kulikuwa na mmoja kutoka Lubumbashi, mpya, haukuunganishwa na mazungumzo yoyote. Kichwa chake kiliandikwa kwa herufi ndogo: pole mama.

Ndani aliandika kwamba amesoma ile barua ya kijana, kwamba nyumbani kwake wamemwombea baba yangu, na mwisho: "Usijibu hii. Mzigo utangoja."

Nilifungua jalada lake. Kontena lake lilikuwa bandarini siku ya kumi na moja.